Wewe Siyo Kama Wenzako

Mzee aliyenifundisha kukata kishada cha zabibu bila kuchubua tunda ndiye huyo huyo aliyeniambia, mkasi ukiwa mkononi, kwamba kura yake anakipa chama kinachotaka wageni warudishwe makwao. Ilikuwa Septemba 2019, kwenye mteremko juu ya mto Unstrut, mashariki ya Ujerumani. Nadhani nilisimama kidogo, maana aligeuka kuniangalia, akaona haya kama mtu aliyemkanyaga mgeni. "Sikusemi wewe," akasema haraka. "Wewe unachapa kazi. Wewe siyo kama wenzako." Kisha akafungua mkoba wake, akanikatia nusu ya mkate aliopaka mafuta ya nguruwe na vitunguu. Niliula wote. Ulikuwa mtamu, sitadanganya.

Mimi ni Mgogo. Nimekulia kijiji cha zabibu nje ya mji wa Dodoma. Kwetu mzabibu unazaa mara mbili: tunavuna Februari na Machi, tunavuna tena Agosti na Septemba. Kule wanavuna mara moja tu, wakikosea wamekosea hadi mwakani, ndiyo maana wanautunza mzabibu kama ng'ombe wa mahari. Nilipata ufadhili wa shahada ya pili ya kilimo katika mji wa Halle, na siku za mapumziko nilipanda treni kwenda kuvuna kwa malipo. Niliipenda kazi ile. Naisema hii mapema ili mtu asidhani naandika kwa kinyongo na watu wa kule.

Chama cha mzee yule ni AfD. Kilianzishwa mwaka 2013 na watu waliokuwa wakiilalamikia sarafu ya euro. Wakimbizi wengi walipoingia mwaka 2015 wimbo ukabadilika, wageni na Waislamu wakawa kiitikio. Katika uchaguzi wa jimbo lile la Sachsen-Anhalt, Machi 2016, kilipata asilimia 24.3 ya kura. Nikiwa kwenye tramu nilijikuta nahesabu vichwa: mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Ni ugonjwa mbaya kuwahesabu watu hivyo. Huwezi kujua wa nne ni yupi. Huenda ndiye aliyekupisha kiti.

Na niseme wazi: kwa miaka miwili hakuna aliyenigusa hata kwa ukucha. Mama akinipigia simu alikuwa akiuliza, "Wanakupiga?" Nikijibu hapana, anasema, "Basi mshukuru Mungu, mwanangu." Hapo nilikuwa nakwama. Ngumi mama angeielewa. Nilichokosa maneno ya kumweleza ni vitu vidogo vilivyokuwa vinanipungukia bila mtu kuvichukua.

Chumba, kwa mfano. Nilipiga simu nikaambiwa bado kipo, njoo saa kumi. Nilipofika, mlango ukafunguliwa kiasi cha uso kupita: samahani, kimeshachukuliwa. Ikatokea mara tatu. Mara ya nne nilimwomba mwanafunzi mwenzangu, Mjerumani wa hapo hapo, apige kwenye nyumba ya tatu niliyokataliwa. Chumba kikawa wazi tena. Wana sheria tangu mwaka 2006 inayokataza kumnyima mtu nyumba kwa asili yake, na katiba yao katika ibara ya 3 inasema hakuna atakayedhulumiwa kwa sababu ya nasaba, lugha, kwao alikotoka wala imani yake. Lakini anayekunyima chumba hasemi "nakunyima kwa sababu ya rangi". Anasema kimechukuliwa, na wewe huna cha kupeleka mahakamani.

Treni nayo. Behewa lina watu hamsini, polisi wawili wanaingia, wanapita moja kwa moja hadi kwangu: kitambulisho. Wana adabu, hawapandishi sauti. Mara ya kwanza nilitoa pasipoti nikicheka. Mara ya sita nilikuwa tayari nimeishika mkononi kabla hawajanifikia, na mtoto aliyekaa mbele yangu akamwuliza mama yake yule mjomba amefanya nini.

Jioni nikaanza kuwahi ndani. Hakuna aliyeniambia niwahi. Siku za mechi sikupanda tramu ya mwisho. Kila Jumatatu uwanja wa soko, pale penye sanamu ya Händel, mtunzi wa muziki, kulikuwa na mtu na kipaza sauti akiwatukana wakimbizi, nami nikajifunza kuzunguka mtaa wa nyuma. Dakika saba zaidi. Ukiniuliza nani aliniondolea haki ya kupita sokoni, sina jina la kukupa.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa nyumba moja iliyotazamana na madarasa ya chuo. Vijana wa kundi la Identitäre Bewegung walikuwa na makao humo. Kwa picha nilizozizoea nilitarajia vipara na mabuti. Nikakuta miwani, mashati yaliyopigwa pasi, na vijana wanaosalimia. Walichokisema kilikuwa laini: hatumchukii mtu, tunataka tu kila taifa likae kwao. Kwao! Idara ya usalama wa ndani ya Ujerumani ililitangaza kundi hilo kuwa la msimamo mkali wa mrengo wa kulia mwezi Julai 2019. Lakini mimi nilikuwa napita mbele ya mlango ule kila asubuhi na daftari langu, na siku moja mmoja wao alinishikia mlango wa duka la mikate nikapita kwanza.

Halafu ikafika Jumatano ya tarehe 9 Oktoba.

Nilikuwa chumbani naandika ripoti ya udongo. Nikasikia helikopta, kisha ving'ora, kisha simu ikaanza kutetemeka: msitoke, msikae dirishani. Tramu zilisimama, mji ukakauka. Ilikuwa Yom Kippur, siku kubwa kuliko zote kwa Wayahudi, na ndani ya sinagogi walikuwamo watu wapatao hamsini wakisali. Kijana Mjerumani mwenye bunduki za kujitengenezea na mabomu alijaribu kuingia, huku akijirekodi na kurusha moja kwa moja kwenye intaneti. Hapakuwa na polisi hata mmoja mlangoni siku ile. Kilichowaokoa ni ubao: mlango ulifungwa, ukakataa. Aliposhindwa, alimpiga risasi mwanamke mpita njia, akaenda kwenye mgahawa wa kebabu akamwua kijana wa miaka 20. Wote wawili Wajerumani. Nilikaa sakafuni usiku ule nikilifikiria hilo: aliwafuata Wayahudi, akawafuata aliodhani watakuwa Waislamu, akawaua watu wa kwao.

Katika kukimbia aligonga kwa gari kijana Msomali. Desemba 2020 mahakama ilimhukumu muuaji kifungo cha maisha, lakini kugongwa kwa Msomali yule haikukuhesabu kuwa jaribio la kuua. Wanasheria wana hoja zao, nami si mwanasheria. Najua tu kwamba kati ya Waafrika niliokuwa nikikutana nao kule baada ya ibada ya Jumapili, hilo ndilo lililozungumzwa kuliko kifungo chenyewe.

Jumamosi iliyofuata shambulio lile nilikwenda shambani kama kawaida, maana zabibu hazisubiri msiba. Mzee alinishika mabega yote mawili, macho yamemlowa. Aliniuliza kama nimelala, kama nina chakula. Nikamwuliza: na kura? Akakata kishada, akakiweka ndooni taratibu. "Hayo ni mambo mawili tofauti," akasema. Chama chake hakikumtuma muuaji, nami sitasema kilimtuma. Lakini yule mzee alikuwa na huruma ya kunikumbatia mimi na wakati huo huo kura ya kuniondoa, na ndani yake vitu hivyo viwili havikuwa vikigombana hata kidogo.

Aliyenifumbua macho alikuwa mzee wa Msumbiji, aliyekuja enzi za Ujerumani Mashariki kwa mkataba wa kazi viwandani, akabaki. Utoto wake aliuishi kusini mwa Tanzania wakati wa vita vya ukombozi, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha Mtwara, kizuri, kilichohifadhiwa kama nguo ya sikukuu. Nilimsimulia habari ya mkate. Alicheka hadi akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "na sisi walitupenda. Mkuu wa zamu alinialika kwake Krismasi. Mwaka 1991 kule Hoyerswerda, wenzetu wamelala bwenini, wakaanza kurushiwa mawe na chupa za moto. Majirani wakatoka kutazama, wengine wanapiga makofi. Siku kadhaa. Unajua mwisho serikali ilileta nini? Mabasi. Si ya kuwabeba warusha mawe. Ya kutubeba sisi."

Ndiye aliyenituma Berlin. Kuna mtu wa kwenu pale, aliniambia, nenda ukamsalimie.

Nilikwenda Januari, baridi inauma masikio. Mtaa wa Brunnenstraße, kwenye njia ya miguu, kuna kibamba cha shaba cha kumkumbuka, ukubwa wa kiganja, kimepachikwa kati ya mawe. Jina lake alilozaliwa nalo ni Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa Dar es Salaam, mwaka 1904. Akiwa mtoto wa miaka kumi hivi aliingia Vita ya Kwanza ya Dunia na baba yake upande wa askari wa Kijerumani. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara yake na ya baba ambayo haikulipwa. Hawakumlipa. Akabaki, akajiita Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa Januari 1933, siku chache kabla ya Hitler kushika serikali.

Na hapa ndipo shingo ilinisisimka. Wanazi hawakumkamata mara moja. Alikuwa na faida: "askari mwaminifu", ushahidi kwamba makoloni yaliwapenda Wajerumani. Alivishwa sare, akaonyeshwa, akapewa nafasi kwenye filamu. Mwaka 1941 wakatoa filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule aliyewaanzishia Wajerumani koloni la Afrika Mashariki, na Husen akaigiza kiongozi wake wa njia. Carl Peters! Mtoto yeyote wa Ugogo aliyekaa na wazee analijua jina hilo, au analijua lile jingine, Mkono wa Damu. Mwaka 1890 alipita nchi yetu. Watemi wakamdai hongo, kama walivyokuwa wakiudai kila msafara (siku hizo hongo ilikuwa ushuru halali wa njia, si hii ya leo ya chini ya meza). Alijibu kwa bunduki, akachoma vijiji, akaswaga ng'ombe. Hata Wajerumani wenyewe walimfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya baadaye Kilimanjaro. Hitler ndiye aliyemsafisha jina mwaka 1937.

Mwaka ule ule wa filamu, Husen alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Yeye ndiye aliyekuwa "siyo kama wenzake" kuliko sote.

Niliporudi Halle nilianza kusoma namna mambo yalivyokwenda mwaka 1933, kwa sababu shuleni tulikariri tarehe za vita tu. Bunge lilichomwa usiku wa tarehe 27 Februari. Kesho yake amri ya dharura ikasimamisha uhuru wa mtu kutokamatwa ovyo, wa kusema, wa kukutana, wa magazeti, na siri ya barua na simu. Amri ya muda. Ilidumu hadi mwaka 1945. Aprili ikaja sheria ya kuwaondoa Wayahudi kwenye utumishi wa serikali, na ndani yake kulikuwa na msamaha: waliopigana mstari wa mbele katika vita ya kwanza wabaki. Hebu fikiria mwalimu mmoja wa aina hiyo, medali yake iko kabatini, anamwambia mkewe, sisi hatusemwi. Mwaka 1935 msamaha ukafutwa. Jirani zao wakati huo walikuwa wameshazoea kuona viti vitupu.

Mzee wangu wa zabibu hakuwa Mnazi, na wakati wetu si ule. Naandika tu kwamba fadhili niliyoikuta mkononi mwake na haki ni vitu vinavyofanana sana wakati wa chakula.

Lakini ningekuwa mnafiki nikiishia hapo. Usiku mmoja kule Halle nilikumbuka bweni letu la sekondari. Tulikuwa na mwenzetu Msandawe kutoka upande wa Kondoa. Lugha yao ina sauti za kubofya ulimi, nasi tulikuwa tukimwigiza hadi anafunika kichwa kwa blanketi. Mimi, Mgogo, niliyekuwa nikiitwa ombaomba kila nilipokanyaga Dar es Salaam! Kana kwamba hakuna aliyesikia habari za Mtunya, njaa iliyowaangamiza babu zetu baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kukomba ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mwenzetu yule alikuwa hodari wa hesabu. Siku aliponisaidia kupasua swali la pembetatu, nilimshukuru hivi: "Aisee, wewe siyo kama Wasandawe wenzako." Nilidhani nimemsifu. Nakumbuka alivyofunga kompasi yake ndani ya kikasha, polepole, asiseme kitu.

Nilirudi Dodoma mwaka 2020. Mji haukuwa ule niliouacha: serikali imehamia, viwanja vimepanda bei, kila kona nyumba inajengwa. Mama amejenga vyumba vinne vya kupangisha. Nilimkuta akimhoji mpangaji mlangoni: kabila gani? Dini gani? Nikamwambia, mama, hayo hayamhusu. Akanijibu, "Wewe hukai nao, mimi ndiye ninayekaa nao." Akampa chumba lakini. Nilinyamaza.

Mwaka uliofuata, Julai, wiki chache kabla ya mavuno, ng'ombe waliingia usiku kwenye shamba la baba mdogo. Mzabibu ukilika machipukizi na vishada kwa pamoja, msimu umekwisha. Mkutano wa kijiji ukaitishwa chini ya mbuyu. Watu walikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa halali. Ila haikuchukua dakika kumi kabla ya "ng'ombe wa fulani" kuwa "Mang'ati". Mang'ati wote waondoke. Wenyewe hujiita Wadatoga, Wabarabaig. Mang'ati ni neno la Kimasai, maana yake maadui. Ukimwita mtu adui kila siku asubuhi, mkutano unakuwa umeshaamua kabla haujaanza.

Kwenye mkutano alikuwepo jirani yetu, Mdatoga, ambaye mimi nilimkuta pale tangu niko darasa la tano. Watoto wake wamesoma na binamu zangu. Mama alipougua malaria kali mwaka mmoja, ni punda wake aliyembeba hadi barabarani. Alikaa pembeni juu ya jiwe, blanketi begani, fimbo kati ya magoti. Baba mdogo akamwona. Akamnyooshea mkono kwa upole kabisa, kwa sauti ya mtu mwema, maana baba yangu mdogo ni mtu mwema.

"Hatukusemi wewe, jirani. Wewe siyo kama wenzako."

Nilisikia harufu ya mkate wa vitunguu.

Nikasimama. Nilisema vibaya, nakiri. Nilianza na ibara ya 13 ya Katiba yetu inayokataza ubaguzi, nikarukia ya 17 inayompa raia haki ya kuishi popote ndani ya Jamhuri, nikataja na Ujerumani, na hapo ndipo nilipowapoteza. "Msomi ametua!" mtu akasema, watu wakacheka. Ningeanza na ng'ombe ningefika mbali: ng'ombe wana chapa, chapa ina mwenyewe, hasara inapimwa na bwana shamba, shauri linakwenda baraza la kata, anayehusika analipa. Nilifika huko mwishoni, wengine wameshaanza kunyanyuka kukung'uta vumbi. Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa. Kwenye muhtasari hakuna azimio lolote la kumfukuza mtu. Nimeusoma.

Mwenye ng'ombe alipatikana wiki ileile. Alitoka kata ya tatu kutoka kwetu, na hakuwa Mdatoga. Alilipa kwa awamu. Jambo likaisha, watu wakaendelea na mavuno ya kilichobaki.

Huwa bado nawasiliana na wa kule. Mwanzoni mwa mwaka 2024 yule mzee wa Msumbiji alinitumia sauti ndefu. Lilikuwa limezagaa neno jipya, remigration, la kuwarudisha watu "kwao", hata wenye uraia, na maelfu kwa maelfu ya Wajerumani walikuwa wamejaa barabarani kulipinga. Na yeye alikuwamo, na fimbo yake, kwenye theluji. Mwaka 2025 AfD ikapata asilimia 20.8 nchi nzima, ikawa ya pili. Nilimwuliza kama anafikiria kurudi Msumbiji. "Nirudi wapi?" akaniuliza. "Wajukuu wangu wanaota ndoto kwa Kijerumani."

Jirani yetu aliondoka mwezi mmoja baada ya mkutano. Hakuna aliyemtishia, hakuna jiwe lililorushwa. Alivunja zizi mwenyewe, akapanga miiba pembeni vizuri ili isiwachome watoto, akarudisha jembe alilokuwa ameliazima kwetu, limenolewa. Asubuhi nilipopita palikuwa na mduara wa samadi iliyokauka na nyayo zikielekea magharibi, upande wa Singida.

Nilimkuta baba mdogo amesimama pale, mikono nyuma, anatazama. Alikuwa na huzuni ya kweli.

"Sasa huyu naye kaenda wapi?" akaniuliza. "Si tulimwambia hatumsemi yeye?"